Magego ya Utotoni Yana Mizizi

Siku moja alikuja chuoni mtoto wa miaka 5, kiganja shavuni, asiweze kusoma hata harufi moja. Mama yake akaniambia, "Maalim, ni gego la utotoni tu, litang'oka lenyewe." Nami nikakubali. Siku ya tatu uso ukavimba hata jicho likafumba, akapelekwa hospitali usiku. Tangu hapo nimeona ni wajibu wangu kuuliza na kujifunza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wengi hudhani jino la utotoni halina mizizi, kwa kuwa likianguka wakati wake huonekana kama kikombe kitupu. Sivyo. Mizizi ilikuwapo, ila mwili umeiyeyusha kidogo kidogo ili kulipisha jino jipya.

Mtoto ana meno 20 ya utotoni, na katika hayo magego ya juu ni 4, mawili kila upande. Kila moja kwa kawaida lina mizizi 3: miwili upande wa shavu, na mmoja upande wa kaakaa. Mizizi hiyo ni myembamba, nayo imepanuka mfano wa miguu ya kigoda, kwani baina yake ndipo jino la ukubwani linapojijenga. Ndani ya kila mzizi mna mfereji wenye mishipa ya damu na ya hisia. Pengine mzizi wa mbele wa upande wa shavu huwa na mifereji 2, ikawa jumla ni 4.

Tena gamba gumu la nje ni jembamba, yapata nusu ya lile la jino la ukubwani, na kiini chenye uhai ki karibu na uso wa kutafunia. Kwa hiyo tundu dogo halikawii kufika ndani. Uozo ukiingia mferejini hupenya hata mfupani, ukafanya usaha, na pengine ukalidhuru jino changa lililomo baina ya mizizi.

Je, tungoje ling'oke? Gego la kwanza la juu hung'oka kwa miaka 9 hadi 11, na la pili kwa miaka 10 hadi 12. Mtoto wa miaka 5 atangoja mpaka lini? Na gego la pili liking'olewa mapema, lile la ukubwani litokalo nyuma yake kwa miaka 6 au 7 husogea mbele, likaziba nafasi ya jino linalokuja.

Mtoto akiwahishwa, daktari wa meno aweza kuondoa sehemu ya kiini iliyoharibika, au kusafisha mifereji na kuijaza dawa inayoyeyuka pamoja na mizizi. Basi, enyi wazazi, wapigisheni watoto mswaki mara mbili kwa siku, na mwatazame vinywani penye mwangaza.

Mtoto yule alipona, walakini gego lake liling'olewa. Kila afunguapo kinywa kusoma, pengo lile hunikumbusha neno nililolikubali.