Nani Msimulizi wa Gereza?

Darasani tumezoea kuuliza: nani anasimulia, na kwa nafsi ipi? Katika makala haya nataka swali hilo tulitoe kwenye riwaya tulipeleke kwenye magereza yaliyogeuzwa makumbusho. Nitatazama mawili: Robben Island ya Afrika Kusini na Alcatraz ya Marekani.

Robben Island ilikuwa makumbusho mwaka 1997. Anayekuongoza ndani ya gereza, mara nyingi, ni mtu aliyefungwa humo humo kwa ajili ya siasa. Anasema "sisi", na hapo mgeni hana la kubisha. Kuna orodha ya chakula pale: mfungwa Mhindi au chotara alipewa jamu, Mwafrika hakupewa. Karatasi ile moja inaeleza ubaguzi kuliko hotuba. Lakini askari yuko wapi? Yumo kama funguo, mbwa na amri tu. Ndiye yule tunayemwita mhusika bapa. Hata upande wa wafungwa wapo walionyamazishwa. Wale wa makosa ya kawaida, ambao walikaa kisiwani hadi 1996, wanatajwa juu juu.

Alcatraz ni mambo mengine. Gereza lilifungwa 1963, wageni wakaanza kuingia 1973. Siku hizi mgeni huvaa spika ndogo masikioni, akasikia sauti za waliokuwa wafungwa na waliokuwa askari zikipokezana. Haki hiyo, siyo? Subiri kwanza. Kinachovuta watu ni seli za wale watatu waliotoroka Juni 1962 wakaacha vichwa bandia vitandani. Mfungwa anakuwa sungura wa hadithi zetu, askari ndiye fisi. Machafuko ya Mei 1946, waliyokufa askari wawili na wafungwa watatu, nayo husimuliwa kama sinema.

Sisemi askari wa makaburu na mfungwa wake wapimwe kwa mizani sawa, hata kidogo. Ila askari akichorwa mnyama tu, mgeni anaondoka akidhani ukatili huhitaji wanyama.

Baba yangu mdogo alikuwa askari magereza. Nilimuuliza kama angekubali kuongoza wageni kule alikofanya kazi. Akacheka. "Niwaambie nini, mwanangu? Kwamba nilikuwa nafungua na kufunga?" Halafu akaanza habari za mfungwa mmoja fundi cherehani, na hatukulala mpaka saa sita.