Kiwiko cha Mcheza Tenisi: Maradhi ya Wasiowahi Kushika Raketi



Katika toleo hili tumeona inafaa tuzungumzie maradhi ambayo jina lake huwafanya watu wengi wadhani kwamba hayawahusu. Madaktari huyaita "kiwiko cha mcheza tenisi". Hapa Doha tenisi si mchezo mgeni, kwani tangu mwaka 1993 mabingwa wa dunia huja kushindana katika viwanja vya Khalifa. Lakini wengi wanaougua maradhi haya hawajapata kushika raketi maishani mwao. Ni mama anayesukuma chapati za watu kumi, ni dada anayekamua matambara ya deki katika nyumba ya mwajiri, ni seremala anayezungusha bisibisi kutwa nzima, na ni karani asiyeachia kipanya cha kompyuta.

Historia yenyewe inathibitisha hayo. Mwaka 1873, daktari wa Kijerumani aitwaye Runge alipoyaeleza maradhi haya, aliyahusisha na kazi ya kuandika. Jina la tenisi lilikuja mwaka 1882, pale daktari wa Kiingereza Henry Morris alipoandika habari zake katika jarida la Lancet. Kwa hiyo kalamu iliitangulia raketi, na sisi tulioshika chaki kwa miaka mingi hatushangai.

ASILI YA MAUMIVU

Kiwiko, au kisugudi kama wasemavyo baadhi yetu, ni pale mkono unapokunjika. Upande wake wa nje pana kinundu cha mfupa, na hapo ndipo inapojishikiza kano ya misuli inayoinua kiganja kuelekea nyuma. Misuli hiyo haipumziki kama tudhaniavyo. Kila tunapokamata kitu kwa nguvu, iwe ni mpini wa nyundo au mchi wa kinu, misuli hiyo hukaza ili kiganja kisianguke mbele. Mzigo wote huo huishia kwenye kipande kidogo cha kano.

Kano ikifanyishwa kazi hiyo hiyo mara mia kwa siku, hupata michaniko midogo midogo isiyoonekana. Tukiipa nafasi, mwili huirekebisha. Kazi ikiushinda mwili, kano huchakaa. Haba na haba hujaza kibaba, katika madhara kama katika akiba. Maradhi haya huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 35 na 55, waume kwa wake, na mara nyingi huwa katika mkono unaotumika zaidi.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kano hiyo imevimba tu. Mwaka 1979, madaktari wawili wa Marekani, Nirschl na Pettrone, walichapisha uchunguzi wa kano za wagonjwa waliopasuliwa, wakaonyesha kwamba tatizo hasa ni kano iliyochakaa na nyuzi zake kuvurugika. Jambo hili ni kubwa, kwa sababu dawa ya kuondoa uvimbe huweza kutuliza maumivu, lakini haiijengi kano.

JINSI YA KUYATAMBUA

Maumivu huwa upande wa nje wa kiwiko, na huweza kushuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Mgonjwa huumia anapoinua birika, anapofungua kifuniko cha chupa, hata anapopeana mkono na mwenzake. Jaribio jepesi ni hili: nyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, kisha inua kiganja huku mtu akikikandamiza. Ukiumia kwenye kile kinundu cha nje, yaelekea ndiyo maradhi yenyewe.

Lakini si kila maumivu ya mkono ni haya. Ukihisi ganzi vidoleni, au shingo nayo ikiuma, au kiwiko kikivimba na kuwa chekundu pamoja na homa, au ikiwa umeanguka na mkono haunyooki, muone daktari upesi. Na maumivu ya mkono yanayofuatana na kubanwa kifua ni jambo la dharura. Hayo si ya kungojea kesho.

TIBA NI SUBIRA YENYE KAZI

Wengi wetu hutaka sindano, kwa kuwa hutuliza ndani ya siku chache. Tunawasihi muwe na hadhari. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 165. Baada ya mwaka mmoja, maradhi yaliwarudia asilimia 54 ya waliochomwa sindano ya kotizoni, na asilimia 12 tu ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Nafuu ya haraka iligeuka deni. Mafuta ya karafuu na kuchua huburudisha, nasi hatuna ugomvi nayo, ila yasichukuliwe kuwa ndiyo tiba yote.

Kulaza mkono kabisa nako hakufai, kwani kano isiyofanya kazi huzidi kudhoofu. Linalotakiwa kwanza ni kupunguza mzigo. Inua vitu kiganja kikitazama juu, wala si chini. Beba mfuko wa sokoni kwa mikono miwili, karibu na mwili. Nene zaidi mpini wa chombo kwa kuuzungushia kitambaa. Unga wa chapati za Ramadhani ukandwe kwa zamu, na vijana wa kiume nao washike mchi.

Pili ni mazoezi. Kaa, laza mkono wako juu ya meza, kiganja kining'inie ukingoni kikitazama chini, ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita. Kiinue kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, kisha kishushe polepole peke yake huku ukihesabu hadi tano. Fanya mara kumi, pumzika, urudie mara mbili zaidi, kila siku. Maumivu madogo si kitu, lakini yakibaki hadi asubuhi ya pili, punguza uzito. Faida huonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Mkanda wa kufunga chini kidogo ya kiwiko nao huwasaidia baadhi ya watu wakiwa kazini.

Wagonjwa walio wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila ya kupasuliwa. Upasuaji ni kwa wachache, kama alivyofanyiwa mchezaji kriketi maarufu wa India, Sachin Tendulkar, mwaka 2005.

TUSIFICHE

Tunajua kwamba wako ndugu zetu wanaonyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi. Mficha uchi hazai. Nenda kituo cha afya na kadi yako, eleza kazi unayoifanya, na omba upelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Sheria ya Kazi ya Qatar, nambari 14 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi mitatu kazini likizo ya ugonjwa ya wiki mbili kwa mshahara kamili, akiwa na cheti cha daktari, na wiki nne nyingine kwa nusu mshahara. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, nambari 15 ya mwaka 2017, inayoweka kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku na siku ya mapumziko kila wiki.

Nasi tulio na wasaidizi majumbani mwetu tujiulize: je, mkono unaotupikia futari umepata kupumzika? Mwili ni amana, wetu na wa wenzetu pia.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.