Je, Wajua? Fomu Hujazwa, Maswali Hayaguswi

Msimu wa basari ukifika, saiba za mjini Garissa hujaa wazazi na wanafunzi. Mara nyingi fomu huja kwa WhatsApp kama faili ya Word, ikiwa na vitone mbele ya kila swali. Mhudumu akianza kuandika jina, vitone vinasukumwa, mstari unakatika, jedwali la karo linateremka, na nafasi ya muhuri wa chifu inahamia ukurasa wa pili peke yake. Mwanafunzi anayefuata hufunguliwa faili ile ile, ikiwa bado na jina la aliyemtangulia.

Kasoro hii ina dawa, nayo imo ndani ya programu hiyo hiyo.

Ya kwanza ni kiolezo. Faili ya kawaida ya Word huishia na .docx, kiolezo huishia na .dotx. Ukikibofya kiolezo mara mbili, Word hutoa nakala mpya isiyo na jina, na fomu mama inabaki ilivyo hata wakijaza watu mia. Ila ukikifungua kwa kupitia menyu ya Word yenyewe, kinachofunguka ni kiolezo chenyewe, na ukihifadhi umekibadilisha.

Ya pili ni sehemu za kujazia. Tangu toleo la 2007, Word ina visanduku vya maandishi, kalenda ya kuchagulia tarehe na menyu kunjuzi. Visanduku vya kutia tiki vya aina hii viliongezwa katika toleo la 2010. Vyote vinapatikana katika kichupo cha "Developer", ambacho hufichwa hadi mtu akiwashe kwenye mipangilio.

Faida yake inaonekana vizuri Kaskazini Mashariki. Kaunti ya Garissa ina maeneo bunge sita: Garissa Mjini, Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi na Ijara. Wajir ina sita, na Mandera sita. Mtu akiachiwa mstari mtupu, mmoja ataandika Balambala na mwingine Mbalambala, mmoja Dadaab na mwingine Dadab, na karani atakayepanga maombi atapata eneo moja limegawanyika mara mbili. Menyu kunjuzi yenye majina 18 inaumaliza mchezo huo: anayejaza anachagua, haandiki.

Majina ya watu yanahitaji uangalifu zaidi. Desturi ya Kisomali ni jina la mtu, la baba, kisha la babu. Fomu inayouliza jina la ukoo humlazimisha mwombaji kubahatisha, ilhali visanduku vitatu vilivyoandikwa waziwazi jina lako, la baba na la babu havimwachi njia panda. Tena jina moja lina sura nyingi: Mohamed, Muhammad, au Maxamed kwa tahajia ya Kisomali. Maelezo mafupi ndani ya kisanduku, kwamba jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, yanaweza kumwepusha kijana na safari za kusahihisha herufi moja. Katika eneo hili karatasi zimekuwa na uzito wa pekee. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwapa waliopita kadi za rangi ya waridi. Msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho uliendelea kwa miaka mingi, hadi Rais William Ruto alipotangaza mjini Wajir, Februari 2025, kwamba umeondolewa.

Ya tatu ni kufuli. Katika kichupo cha "Review" kuna "Restrict Editing". Ukichagua "Filling in forms" na kuweka nywila, maswali hayaguswi tena. Kitufe cha Tab humpeleka mtu kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Visanduku vya mtindo wa zamani, ambavyo hufanya kazi pale tu kufuli linapowashwa, vinaweza hata kukataa nambari ya simu inayozidi tarakimu 10.

Lakini kufuli hili lina mpaka wake. Faili ya .docx kwa hakika ni kifurushi cha zip. Ndani yake kuna faili ya mipangilio, na humo mna mstari mmoja unaosema hati hii ni ya kujazwa tu. Ajuaye anaweza kuufuta bila kuijua nywila. Hivyo kufuli huzuia mkono ulioteleza, si mghushi, wala halifichi yaliyojazwa. Kinachoficha ni nywila ya kufungulia faili, kwa kuwa hiyo huyageuza maandishi yote kuwa fumbo. Kwa saiba hili si jambo dogo: fomu iliyojazwa ina nambari ya kitambulisho, simu na hali ya familia, na taarifa za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kila kazi ikiisha, nakala iliyojazwa ifutwe kwenye kompyuta, na pipa la taka limwagwe.

Ofisi isiyo na leseni ya Word haijakwama. LibreOffice ni ya bure, inatengeneza fomu na kuitoa kama PDF inayojazika, uwezo ambao PDF imekuwa nao tangu 1996.

Kabla fomu haijatumwa hadi Hulugho au Liboi, ijaribiwe kwenye simu, kwa sababu programu za simu hazivishughulikii visanduku hivi kwa usawa. Vitone vyote viondolewe, majibu yawekwe ndani ya jedwali ambalo vipimo vya safu zake havibadiliki, na nafasi za sahihi na muhuri zibaki ukurasa mmoja na jina la mwombaji. Fomu ya namna hiyo ikichapishwa tupu, anayejaza kwa kalamu naye atapata nafasi ya kutosha.