Fidia ya mgonjwa na ada ya wakili: Funzo kutoka kwa wachimba migodi wa Uingereza

MTU akiugua kwa sababu ya kazi aliyoifanya, huwa na safari mbili mbele yake. Ya kwanza ni ya kwenda kwa daktari kutafuta nafuu. Ya pili ni ya kwenda kwa wakili kutafuta fidia. Sisi madaktari huizungumzia sana safari ya kwanza na kuisahau ya pili, ilhali pesa za fidia ndizo hununua dawa, hulipa nauli ya kwenda kliniki na kulisha watoto wa mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Zikipunguzwa njiani, anayeumia ni mgonjwa yule yule.

Leo tutazame mzozo uliowakumba wagonjwa wengi huko Uingereza: ugomvi kuhusu ada za mawakili wanaowaambia wateja wao, "Tukishindwa, hulipi." Ni jambo la mbali, lakini kama tutakavyoona, Wakenya pia wamewahi kupeleka madai yao katika mahakama za London.

Mkataba wenyewe ni upi?

Katika mkataba wa aina hii, wakili hukubali kuifanya kesi bila kulipwa kwanza. Kesi ikianguka, hapati ada yake. Ikifaulu, hupata ada yake ya kawaida pamoja na nyongeza ya ushindi, ambayo ni kama shukrani ya kukubali kuhatarisha kazi yake.

Hapa ndipo watu wengi hukanganyikiwa. Nyongeza hiyo huhesabiwa kwa asilimia ya ada ya wakili, wala si asilimia ya fidia ya mgonjwa. Sheria ya Uingereza inaruhusu ifike hadi asilimia 100, yaani ada iongezeke maradufu. Mgonjwa anayesikia "asilimia 25" na yule anayesikia "asilimia 100" huenda wanaambiwa habari za vitu viwili tofauti kabisa.

Mikataba hii ilianza kutumika Uingereza mwaka wa 1995. Kuanzia mwaka wa 2000, nyongeza ya ushindi iliweza kudaiwa kutoka kwa upande ulioshindwa. Mambo yakabadilika tena Aprili 2013: tangu hapo ni mteja mwenyewe anayeilipa kutoka kwa fidia yake. Ili kumkinga, sheria iliweka kikomo. Katika kesi za majeraha na magonjwa, nyongeza hiyo haiwezi kuzidi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara iliyokwisha kupatikana. Pesa zilizotengewa matunzo na matibabu ya siku zijazo hazihesabiwi humo.

Tuchukue mfano. Mgonjwa amepewa pauni 6,000 kwa maumivu na mishahara aliyopoteza. Ada ya kawaida ya wakili ni pauni 4,000, na mkataba unataja nyongeza ya asilimia 100. Kwa hesabu hiyo, nyongeza ingekuwa pauni 4,000. Lakini robo ya pauni 6,000 ni pauni 1,500, basi wakili hawezi kukata nyongeza inayozidi hapo. Mgonjwa asiyejua kikomo hiki anaweza kutia sahihi ya kupoteza zaidi ya nusu ya haki yake.

Magonjwa ya chini ya ardhi

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha wachimba makaa ya mawe. Kwa miongo mingi, maelfu ya wanaume huko Yorkshire, Wales ya Kusini, Scotland na kwingineko waliteremka migodini kila siku, wengi wao wakiwa waajiriwa wa shirika la serikali la British Coal. Walipopanda juu, wengi walirudi na mojawapo ya magonjwa mawili, na wengine yote mawili.

Ugonjwa wa kwanza ni wa mapafu. Vumbi la makaa na la mwamba likivutwa kwa miaka mingi huziunguza njia za hewa, zikavimba, zikajaa makohozi na kuwa nyembamba. Vifuko vidogo vinavyoingiza hewa safi katika damu navyo huharibika. Mgonjwa hukohoa kila asubuhi, kisha huanza kukosa pumzi anapopanda mlima, halafu anapotembea tambarare, na mwishowe hata anapovaa viatu. Madaktari huupima kwa kumwambia mgonjwa apulize kwa nguvu zake zote ndani ya mashine, wakaangalia ni kiasi gani cha hewa kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Mapafu yaliyoharibika hivi hayarudi yalivyokuwa. Dawa za kuvuta hupunguza tu dhiki.

Ugonjwa wa pili ni wa vidole vyeupe. Mashine za kutoboa mwamba hutetemeka kwa nguvu, na mtetemo huo, siku baada ya siku, huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu mikononi. Baridi ikiingia, vidole huwa vyeupe kama chaki na kufa ganzi. Damu inaporudi, huwa vyekundu na kuuma sana. Aliyeathirika sana hushindwa kufunga vifungo vya shati au kuokota sarafu.

Mwaka wa 1998 mahakama za Uingereza ziliamua kwamba British Coal ilizembea kuwakinga wafanyakazi dhidi ya magonjwa yote mawili. Kwa kuwa serikali ilikuwa imeurithi mzigo wa madeni ya shirika hilo, mwaka wa 1999 iliweka mipango miwili ya kuwafidia wagonjwa na wajane wao. Madai takriban 760,000 yaliletwa: karibu 592,000 ya mapafu na karibu 170,000 ya vidole vyeupe.

Fikiria, msomaji, kazi iliyowangojea madaktari. Kila mlalamishi alihitaji kupimwa. Rekodi za hospitali na za daktari wa mtaa zilitafutwa. Waliovuta sigara walipunguziwa fidia, kwani sigara nayo huharibu mapafu kwa namna hiyo hiyo. Foleni ilikuwa ndefu, na baadhi ya wazee walifariki kabla ya malipo yao kufika.

Kulipwa mara mbili

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Chini ya mipango hiyo, serikali ilikubali kumlipa wakili ada maalum kwa kila dai lililofaulu, mbali na fidia ya mgonjwa. Maana yake ni kwamba mchimba migodi alistahili kupokea fidia yake yote bila kukatwa hata senti. Wala wakili hakuwa na hatari kubwa ya kushindwa, kwa sababu hatia ilikuwa imekwisha kuamuliwa na njia ya malipo kuwekwa. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kujaza fomu, kukusanya rekodi na kufuatilia vipimo.

Hata hivyo, mawakili wengi waliwakata wateja wao. Wengine waliwatia sahihi mikataba ya "tukishindwa, hulipi" yenye nyongeza ya ushindi, ingawa hatari ya kushindwa ilikuwa ndogo mno. Wengine walikata pesa kwa niaba ya vyama vya wafanyakazi au madalali waliowaletea wateja. Hivyo kazi moja ikalipiwa mara mbili, mara moja na serikali na mara ya pili na mzee asiyeweza kupumua.

Kampuni iliyovuma zaidi ni Beresfords ya mji wa Doncaster, iliyoshughulikia maelfu kwa maelfu ya madai hayo. Mnamo Desemba 2008 mahakama ya nidhamu ya mawakili iliwafuta kazi wabia wake wawili, James Beresford na Douglas Smith. Mawakili wengine pia waliadhibiwa, na wachimba migodi wengi walirudishiwa pesa zao baada ya kulalamika.

Lililotia uchungu ni kwamba ada ya wakili haikulingana na ukubwa wa ugonjwa. Kulikuwa na madai ambayo mgonjwa alipata fidia ndogo kuliko ada ya aliyemjazia fomu. Mtu akisikia hivyo huuliza kwa haki kabisa: je, mpango huu uliwekwa kwa ajili ya nani?

Kesi ya watu wengi

Ni haki tuseme pia upande wa pili. Bila mikataba hii, maskini wengi hawangefika mahakamani kamwe. Kesi ya magonjwa ya kazini huhitaji mabingwa wa mapafu, wahandisi wa kupima vumbi na miaka ya kazi ya wakili. Ndiyo sababu wagonjwa huungana, kwani umoja ni nguvu. Gharama za pamoja, kama vile ripoti ya bingwa kuhusu vumbi la mgodi mzima, hugawanywa kati ya wote. Gharama za mtu binafsi, kama vile kupimwa kwake, huwekwa kando.

Lakini hapo napo huzuka mzozo. Aliyeugua kidogo huweza kubebeshwa fungu sawa na aliyelazwa kitandani. Tena wateja wakiwa elfu nyingi, wakili hawezi kukaa na kila mmoja. Barua hutumwa, wajumbe hutumwa, na mgonjwa huenda asielewe alichotia sahihi.

Mfano ni wa Abidjan, Ivory Coast. Mwezi Agosti 2006, taka zenye sumu kutoka kwa meli ya Probo Koala zilimwagwa sehemu mbalimbali za jiji hilo. Watu wakaumwa kichwa, wakatapika na kukosa pumzi. Walalamishi takriban 30,000 waliishtaki kampuni ya Trafigura jijini London, na mnamo Septemba 2009 ikakubali kulipa pauni milioni 30, bila kukiri hatia. Hiyo ni kama pauni 1,000 kwa kila mmoja. Mawakili wao, kwa mkataba wa "tukishindwa, hulipi", walidai gharama za takriban pauni milioni 105 kutoka kwa kampuni hiyo, na ubishi huo ukafika Mahakama ya Rufaa mwaka wa 2011. Nako Abidjan, sehemu ya fidia iliangukia mikononi mwa watu waliojiita wawakilishi wa wagonjwa, na maelfu ya walalamishi hawakupata haki yao. Pesa huweza kupotea baada ya ushindi kama zinavyoweza kupotea kabla yake.

Sisi Wakenya je?

Wakenya wamepitia njia hiyo hiyo. Mwaka wa 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 wa jamii za wafugaji, waliojeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa katika maeneo ya mazoezi ya wanajeshi wake, yakiwemo ya Dol Dol na Archer's Post. Mwezi Juni 2013 ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kuhusu wazee 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Tuitazame vizuri hesabu hiyo: jumla ile ilikuwa na fidia na gharama za kesi ndani yake. Anayegawanya pauni milioni 19.9 kwa idadi ya wazee hupata jibu lisilo sahihi, kisha humshuku kila mtu.

Hapa nchini, Sheria ya Mawakili haitambui mkataba unaosema wakili atalipwa tu akishinda. Mteja asiyeridhika na wakili wake anaweza kwenda kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili. Aliyeumia au kuugua kazini ana njia nyingine: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007. Dai lake hupitia kwa mwajiri na kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na si lazima aanze kwa wakili.

Ushauri wa daktari

Mnamo mwaka wa 1700, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwahimiza madaktari wamuulize kila mgonjwa swali moja zaidi: unafanya kazi gani? Swali hilo bado ni dawa. Mwambie daktari wako kazi zote ulizofanya, kwa miaka mingapi, na kama kulikuwa na vumbi, mtetemo, kelele au kemikali. Hakikisha ameyaandika. Maandishi ya siku ile ulipoanza kukohoa yana uzito kuliko ripoti iliyotengenezwa miaka kumi baadaye. Weka kadi zako za kliniki, picha za kifua na barua za kazi mahali pamoja pasipo na mchwa wala mvua.

Ukifuatwa na mtu anayetaka kukuingiza katika kesi ya pamoja, nchini au ng'ambo, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Muulize: ada yako italipwa na nani? Ni asilimia ngapi, na ya kitu gani? Je, kuna mtu mwingine anayekulipa kwa kazi hii hii? Tukishindwa, gharama za upande wa pili na za ripoti za madaktari atalipa nani? Nikitaka kujitoa katikati, itakuwaje? Na pesa zikitoka, zitaingia akaunti ya nani? Omba majibu kwa maandishi, katika lugha unayoielewa, na ubaki na nakala yako.

Kesi ikiisha, dai orodha ya kila kilichokatwa. Huko Uingereza mteja anaweza kuiomba mahakama iichunguze hati ya malipo ya wakili wake, lakini sharti afanye hivyo mapema: katika mwezi wa kwanza ni haki yake, na baada ya hapo ni kwa hiari ya mahakama. Tangu Oktoba 2010 kuna pia msimamizi wa malalamishi ya kisheria asiyetoza mlalamishi ada.

Wakili mwema hatachukizwa na maswali haya, kama vile daktari mwema asivyochukizwa na mgonjwa anayeuliza dawa aliyopewa ni ya nini. Anayechukizwa, muage kwa heshima utafute mwingine.