Simu Inajua Njia, Haijui Tope

Siku hizi madereva wengi huongozwa na simu. Unaandika jina la mahali unapokwenda, nayo inakuambia pinda kulia, pinda kushoto.

Je, inajuaje? Juu angani, kiasi cha kilomita 20,000, zinazunguka setilaiti, zikiwamo za Marekani. Simu husikiliza mawimbi ya setilaiti 4 au zaidi, ikapiga hesabu ya mahali ulipo. Hata pasipo mtandao inajua ulipo. Lakini ramani yenyewe huja kwa intaneti. Usipoihifadhi kabla ya safari, huko porini utaona alama yako tu, pembeni hakuna kitu.

Faida zipo. Mjini Dar es Salaam simu huonyesha foleni kwa rangi nyekundu, kwa sababu inapima mwendo wa simu za madereva wengine. Huku kwetu magari ni machache, itampima nani?

Masika yaliyopita tulikuwa tunapeleka vitabu vya kisomo. Simu ikatuonyesha njia ya mkato. Mzee mmoja mchunga mbuzi akatupungia mkono, sisi tukampita, macho yote kwenye simu. Kumbe daraja limesombwa! Dereva alifunga breki hatua chache tu kabla ya maji. Tukageuza gari gizani.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuingia barabara ya vumbi tunasimama dukani tunauliza. Na simu anashika utingo, siyo dereva.