Paa Moja, Bei Tatu

Ita mafundi watatu kwenye nyumba kongwe ya tofali za kuchoma pale Unyambwa, Singida, waambie unataka kubadili paa na kupiga plasta ya nje, na kila mmoja atakuachia bei yake. Tuchukue tarakimu za mfano tu. Wa kwanza anataja ufundi milioni moja na nusu. Wa pili anasema mpe milioni saba, vifaa na ufundi juu yake, wewe usubiri kukabidhiwa. Wa tatu anaorodhesha vifaa nyuma ya karatasi ya duka, na chini kabisa anaandika ufundi milioni mbili na laki mbili. Jioni majirani watakushauri umchukue wa kwanza, na yule wa milioni saba ataitwa mwizi. Huenda ndiye pekee aliyepanda ngazi akachungulia mbao.

Bei hizo tatu hazilinganishiki, kwa sababu si bei za kazi moja. Milioni moja na nusu ya fundi wa kwanza mara nyingi haina vibarua ndani yake, wala kubomoa plasta ya zamani, kutoa kifusi, au maji, ambayo wakati wa kiangazi Singida si kitu cha kuchukulia kirahisi. Hajakudanganya. Hukumuuliza, naye hakusema. Gharama hizo zitakuja, ila zitakuja moja moja kila asubuhi, wakati paa limeshafunguliwa na huna tena nafasi ya kusema hapana.

Nyumba kongwe ina ugumu wake ambao nyumba mpya haina. Mtu akijenga upya, fundi anahesabu anachokiona kwenye ramani. Akikarabati, sehemu kubwa ya gharama imejificha. Wanyaturu waliishi kwenye tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo pia. Baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, bati na tofali za kuchoma zikazidi kuenea, lakini saruji ilikuwa ghali na haikupatikana kirahisi. Kwa hiyo nyumba nyingi za umri huo zina msingi wa mawe, ambayo Singida haijawahi kuyakosa, na tofali zilizojengwa kwa udongo, saruji ikipakwa juu juu kwenye maungio. Ukiitazama kutoka barabarani unaona nyumba ya tofali, lakini kilichozishika tofali hizo ni udongo.

Hapo ndipo neno dogo lenta linapobeba fedha nyingi. Nyumba hizo mara nyingi hazina lenta, yaani mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Mbao za kenchi zimelazwa moja kwa moja juu ya tofali. Singida ni nchi ya upepo, hata mradi wa kuzalisha umeme kwa upepo umekuwa ukizungumzwa huko kwa miaka mingi. Upepo ukiingia chini ya bati, unalivuta juu pamoja na kenchi, na kama kenchi haikufungwa kwenye kitu kizito, linalobaki ni dua. Fundi aliyekupa bei ya kubadili paa bila lenta na fundi aliyeiweka lenta ndani ya hesabu wamekuuzia mapaa mawili tofauti.

Tupige hesabu. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8. Mzunguko wake ni mita 36. Weka mita 18 za kuta za ndani, unapata 54. Lenta ya sentimita 20 kwa 20 itakula zege la mita za ujazo 2.2 hivi. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hiyo ni karibu mifuko 14 ya saruji. Nondo nne zikipita urefu wote ni mita 216, yaani vipande 18 vya mita 12, kabla hujahesabu maungio na ringi. Bado mbao za boksi, waya wa kufungia, na siku za mafundi. Ukiona makadirio yasiyo na nondo hata moja, umeshajua kilichoachwa.

Plasta nayo ina siri yake, na siri hiyo ni unyoofu wa ukuta. Nyumba hiyohiyo, ukitoa milango na madirisha, ina mita za mraba 85 hivi za ukuta wa nje. Plasta ya milimita 15 kwa uwiano wa moja kwa tano itahitaji mifuko 8 ya saruji. Lakini ukuta wa zamani umepinda, una mashimo na matumbo. Fundi akilazimika kuunyoosha, unene wa wastani ukafika milimita 25, mifuko inakuwa 13. Nyumba ni ileile na eneo ni lilelile. Kwa hiyo aliyeandika mifuko 8 pengine ametumia hesabu ya nyumba mpya bila kuweka kamba ukutani. Muulize pia ataishikizaje saruji kwenye ukuta uliojengwa kwa udongo. Anayejua kazi atazungumzia kukwangua maungio, kulowesha ukuta, na kupigilia wavu wa kuku sehemu dhaifu. Asiyejua atasema plasta ni plasta, nayo itaanza kubanduka vipande vipande kama ile aliyokuta.

Dawa ya mkanganyiko huu ni wewe mwenye nyumba kuandika orodha ya kazi kabla ya kuomba bei, na kuwapa wote watatu karatasi moja. Andika kwa maneno ya kawaida: kuezua bati na mbao zote, kujenga lenta, kenchi na papi mpya zilizopakwa dawa ya mchwa, bati geji 28 (kumbuka namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, na geji 30 ikiingia kimyakimya bei inashuka), kofia, kubomoa plasta na kutoa kifusi, nani analeta maji, nani analipa vibarua. Kisha omba ufundi utajwe peke yake na vifaa peke yake. Orodha za vifaa zikiwa tatu mezani, zenyewe zinaanza kusutana. Mmoja ameandika saruji 25, mwingine 45. Usikimbilie kumwamini wa 25. Orodha ikiwa fupi mno, katikati ya kazi utakuwa unatuma bodaboda mfuko mmoja mmoja. Ikiwa ndefu mno, saruji inayobaki ina miguu.

Na yale yasiyoonekana? Kwa hayo usidai bei ya jumla, dai bei ya kipimo. Kiasi gani kwa mita ya mraba ya plasta, kwa mita ya lenta, kwa mita ya msingi utakaochimbuliwa na kuimarishwa kama ufa umeanzia chini. Mkifungua mkakuta mabaya, mnapima, mnazidisha, hakuna anayepandisha sauti. Fundi mkweli hupenda mpango huu kuliko mwenye nyumba anavyodhani, maana bei ya jumla kwenye nyumba asiyoijua ni kamari kwake pia.

Mfano wa kutenganisha ufundi na vifaa haupo mbali. Shule na zahanati nyingi za miaka ya karibuni zimejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: kamati inanunua vifaa, fundi wa jamii anapatana ufundi tu. Ndivyo yalivyojengwa madarasa 15,000 ya mwaka 2021 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, shilingi milioni 20 kila chumba. Utaratibu huo una lawama zake, lakini umeacha mafundi waliozoea kazi ya karatasi na vipimo. Nenda kaangalie darasa walilojenga, hasa kona za plasta na sakafu mlangoni. Mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yenye madaraja saba, ni mtu wa kufikiria ukiongeza vyumba au ghorofa. Na kuongeza vyumba ndani ya manispaa ni jambo la kibali cha ujenzi. Kwa paa na plasta, fundi mzuri anatosha.

Wakati nao una bei. Alizeti ikishauzwa, kila mwenye nyumba anakumbuka bati lake, na mafundi wanaanza kuchagua. Ukisubiri Novemba, mvua za Desemba zikiwa zinanukia, huna nguvu ya kupatana. Omba makadirio mapema, hata kabla pesa haijatimia, ila jua kwamba bei za saruji na bati zitabadilika; ya ufundi ndiyo ya kuandikiana.

Mkiandikiana, mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, na malipo yafuate hatua: kuezua na lenta, kenchi na bati, kisha plasta. Asilimia 10 ya ufundi ibaki mkononi mwako hadi mvua kubwa mbili tatu zipite na dari iwe kavu. Mafundi wengine watalikataa sharti hilo. Wengi watataka mpatane asilimia 5, na hapo kubalini.