Jino Likiuma, Lazima Ling'olewe?

Leo tuzungumze habari za jino. Usicheke! Kama hujawahi kukesha umeshika shavu, wenzako wamelala fofofo na kesho una mtihani wa hesabu, basi hujui jino ni nini.

Mimi najua. Nikiwa kidato cha pili, kule Mbagala, gego langu la chini lilitoboka. Kwanza lilikuwa linashtuka nikinywa maji baridi, nikapuuza. Halafu likaanza kuuma lenyewe usiku. Nikawa nanunua vidonge viwili viwili dukani. Baada ya wiki kadhaa maumivu yakaisha, nikajisifu kwamba nimepona. Kumbe wapi! Miezi michache baadaye shavu likavimba kama nimeficha andazi. Nilipofikishwa hospitali jino likang'olewa, na hakuna aliyeniambia kama lingeweza kuokolewa. Hadi leo natafunia upande mmoja.

Sitaki yakukute hayo. Ipo tiba ya kuokoa jino la namna hiyo, nayo ni tiba ya mzizi wa jino.

Ndani ya jino kuna nini?

Jino linaonekana kama jiwe, lakini liko hai. Juu kuna gamba gumu, chini yake tabaka laini kidogo, na katikati kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho hushuka hadi ncha ya mzizi kupitia mifereji myembamba. Meno ya mbele kwa kawaida yana mfereji mmoja. Magego huwa na mitatu, wakati mwingine minne.

Mitaani utasikia kwamba jino lina "mdudu". Hakuna mnyoo humo. Kuna bakteria, ambao hawaonekani kwa macho. Wanakula sukari ya soda, barafu na ubuyu tunaonunua getini, kisha wanatoa asidi inayotoboa jino polepole. Wakifika kwenye kiini, kinavimba. Kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kupanukia, hivyo mishipa ya fahamu inabanwa. Ukilala, damu inaongezeka kichwani na maumivu yanazidi. Mwishowe kiini kinakufa, na maumivu yanaweza kukoma. Hapo ndipo wengi tunadanganyika. Uchafu unabaki ndani, unateremka hadi kwenye mfupa, na usaha unaanza.

Je, vidonge haviwezi kuponya? Vya maumivu vinatuliza tu. Na dawa za kuua bakteria husafiri kwa damu. Kiini kikishakufa hakipati damu, kwa hiyo dawa haifiki ilipo shida.

Daktari atafanya nini?

Kwanza atakupiga picha ya eksirei aone mizizi. Kisha atakuchoma sindano ya ganzi kwenye fizi. Inauma kidogo, halafu mdomo unakufa ganzi. Kama bado unasikia maumivu, inua mkono umwambie, ataongeza.

Mara nyingi ataweka kipande cha mpira kuzunguka jino ili mate yasiingie. Atatoboa juu ya jino, aondoe kiini kilichooza kwa visindano vyembamba vya chuma, apime urefu wa mifereji na kuiosha kwa dawa. Kazi hii ni ya taratibu. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Wengine humaliza siku moja, wengine hurudi mara mbili au tatu, hasa kama kuna usaha. Katikati utawekewa dawa na kizibo cha muda. Mwisho mifereji hujazwa na jino huzibwa. Gego mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia ili lisipasuke.

Usiache njiani eti kwa sababu halikuumi tena! Kizibo cha muda kikivuja, bakteria wanarudi na unaanza upya.

Siku mbili tatu baadaye jino linaweza kuuma kidogo ukiling'atia. Tafunia upande wa pili na unywe dawa ya maumivu uliyoandikiwa. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi.

Na wanaosema jino la juu likiguswa utapofuka? Si kweli, bwana.

Kwa nini nisumbuke?

Kweli, kung'oa ni rahisi na haraka, na gharama yake ni ndogo. Lakini magego ya kwanza huota karibu na miaka 6 na hayana mbadala. Likitoka moja, ya jirani huinamia pengo na kutafuna kunakuwa shida. Hata hivyo, si kila jino huokoka; lililovunjika hadi mzizini huenda likabidi kung'olewa.

Kwa hiyo uliza kabla ya kukaa kwenye kiti: "Daktari, jino hili linaweza kutibiwa? Nitarudi mara ngapi? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kofia?" Kuuliza si utovu wa adabu. Ukiwa Temeke au Kinondoni, anzia kliniki ya meno ya hospitali ya Temeke au Mwananyamala. Kama tiba hiyo haipatikani ulipo, omba rufaa ya Muhimbili, ambako madaktari wa meno wamekuwa wakifundishwa tangu 1979.

Angalia hatari!

Shavu au shingo ikivimba, ukapata homa, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usaha wa jino unaweza kuua.

Na kama jino linashtuka tu kwa maji baridi, una bahati: huenda kuziba tu kukatosha. Mwambie mama au baba leo, kabla ya usiku wa kukesha.